Nazi mbili kwenda Tabora, asali kwenda Kaboya: safari ya siku nane kwa ajili ya Baba Mkubwa

Siku ya kwanza, Dar hadi Dodoma

Nimeamka saa kumi alfajiri. Begi nilishalifunga tangu jana lakini nikalifungua tena kuhakikisha nazi zipo. Ni nazi mbili, nilizinunua Kariakoo, nikazitikisa moja moja sikioni kusikia maji mpaka muuzaji akasema kaka zote nzima hizo, chukua.

Nazi hizi ni za Baba Mkubwa. Yaani zilikuwa zake, maana ametutoka, na keshokutwa ndo arobaini yake, nyumbani Isevya, Tabora mjini. Tangu nihamie Dar 2009 kila nikienda nyumbani alikuwa ananiagiza kitu kimoja tu. Wazee wenzake wanaagiza kanzu, wanaagiza redio, dawa ya miguu, yeye nazi. Na haili. Anaiweka juu ya kabati pembeni ya redio, inakaa hapo miezi mpaka maji yanakauka ndani, ukiitikisa kimya, hapo ndo Mama Mkubwa anaruhusiwa kuivunja kama haijavunda, na yeye anaanza kusubiri nyingine. Nikimuuliza ya nini, anasema we lete tu mwanangu. Sasa hata kama hayupo nitaingiaje ile nyumba mikono mitupu.

Kwa wasiomjua, Baba Mkubwa alikuwa fundi baiskeli. Alizaliwa 1954, Tabora hapo hapo. Mwaka 1978 vita vya Kagera vinaanza alikuwa na miaka 24, mgambo, akachukuliwa na wenzake, akapigana mpaka Uganda ndani ndani huko, akarudi katikati ya 1979, na kuanzia 1980 mpaka mwaka huu 2025 alikaa chini ya mwembe mmoja anaziba pancha. Miaka 45, mwembe mmoja. Hakupanda basi kutoka nje ya Tabora hata mara moja. Harusi yangu ilikuwa Dar hakuja. Baba yangu, mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja, amefanyiwa upasuaji Dar hakuja, alituma hela na dua. Nilimkasirikia miaka mingi kwa hilo, nasema ukweli, na sehemu ya safari hii ni hiyo hasira ambayo sikuimaliza akiwa hai.

Treni ya SGR imeondoka kwa wakati, tiketi shilingi 31,000 daraja la kawaida. Pugu, Soga, Ruvu, Morogoro, afu mahandaki ya kule Kilosa, masikio yanaziba yanazibuka. Nimeshika begi mapajani njia nzima, sikutaka kuliweka juu. Dodoma nimefika mchana na usingizi wote uliokataa usiku ukaja pale gesti.

Siku ya pili, Dodoma hadi Tabora

Basi la asubuhi. Manyoni, Itigi, Chaya, Nyahua. Lami tupu siku hizi, wakati nasoma njia hii ukikutana na mvua unalala porini. Baada ya Itigi ni misitu ya miombo tu pande zote, miti mirefu myembamba na mara moja moja unaona mzinga umening'inizwa juu. Jioni tukaanza kuona miembe, ndo unajua umefika. Mama Mkubwa alikuwa mlangoni, nikamwamkia, akaitikia marahaba baba, afu kabla hata hajaniuliza habari za safari akaniuliza umeleta? Nikamtolea. Akazipeleka mwenyewe juu ya kabati, pembeni ya redio.

Siku ya tatu, arobaini

Khitma imesomwa asubuhi, watu walijaa mpaka barabarani, pilau sufuria tatu. Wengi sikuwajua. Waliokuja kwa baiskeli walizipanga chini ya mwembe wake, upande ule ule aliokuwa anawaambia waziegeshe, hakuna aliyewaelekeza.

Kitu nilichokigundua leo ni kwamba hakuna mtu aliyezungumzia vita. Hata mmoja. Wakulima wa tumbaku wanaotoka kule vijijini walisema mzee alikuwa anaziba pancha kwa ahadi, unalipa msimu wa kuuza ukifika, na ukifika kumlipa hana daftari, anakuuliza wewe mwenyewe ilikuwa ngapi. Dada mmoja mwalimu akasimama akasema miaka yake minne ya sekondari alikuwa anatembea na baiskeli ya marehemu babake, imechakaa, na kila Ijumaa akitoka shule lazima apite pale mzee aikague cheni na breki, hajawahi kutoa hata mia. Akasema alikuwa ananiambia, binti, kazi yako ni kufika. Akashindwa kuendelea, akakaa.

Mchana watu walipopungua nikaenda kukaa pale mwembeni. Kigoda chake kipo, sanduku la chuma la spana lipo limefungwa, karai lipo. Lile karai nalijua tangu mtoto. Anatoa tyubu, anaijaza upepo kidogo, anaizamisha kwenye maji kipande kwa kipande anaizungusha taratibu kama anahesabu tasbihi, ghafla povu linatoka chururu, anaweka kidole hapo hapo, anafuta kwa kitambaa, anakwaruza na msasa, anapaka solusheni, anaipulizia, anabandika kiraka. Haongei wakati wa kutafuta tundu, na wewe huongei. Leo nilitazama chini pale anapokaa, udongo umekuwa mgumu kama saruji na ndani yake vimezama vitu vidogo vidogo, nati, vichwa vya spoki, vipande vya mpira wa valvu, gololi. Nilikwangua gololi moja kwa ukucha ikagoma kutoka. Miaka 45 anaikanyagia.

Vita kwetu ilikuwa mchezo. Jioni akifunga kazi alikuwa anatuhesabisha watoto kwa majina ya miji: Kyaka, Mutukula, Kyotera, Masaka, Lukaya, Mpigi, Kampala. Unasema mji unapiga hatua moja, ukikosea unarudi Kyaka. Yeye mwenyewe akiimba akifika Lukaya ananyamaza kidogo kabla ya kusema Mpigi. Sisi tukadhani ndo wimbo ulivyo, tukawa na sisi tunanyamaza hapo. Mpaka leo nikiyataja nanyamaza hapo.

Mara moja tu nilimuona anaonyesha kwamba alikuwa askari, na si zamani, ni Oktoba mwaka jana, 2024, nilikuwa nimeenda likizo, redio ikatangaza kuwa Jenerali Musuguri amefariki, yule aliyekuwa kamanda wa divisheni ya 20 kule mstari wa mbele, amefariki na miaka 104. Baba Mkubwa alikuwa ameshika tairi. Akaliweka chini, akasimama wima, mikono imenyooka mapajani, midomo imefumba, na mteja anamtazama tu. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Afu akakaa akaendelea na tairi.

Siku ya nne, Tabora

Leo sikwenda popote, na ndo siku niliyosafiri mbali kuliko zote.

Asubuhi nilimsaidia Mama Mkubwa kurudisha masufuria ya watu, tulivyokaa akasema jana hakukuwa na utani kwenye arobaini, haikunoga. Wasiojua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, msibani mtani anaweza kuzuia jeneza mpaka alipwe, na hamkasiriki. Nikamwambia Mama, Wazaramo tungewatoa wapi Isevya. Akasema alikuwa naye wake. Yule wa nazi.

Nikamuuliza nani wa nazi.

Akanihadithia, na yeye alihadithiwa mara moja tu, mwaka ambao mzee aliumwa malaria ya kichwani wakadhani anakufa. Naandika nilivyoelewa.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaingia Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa ardhi yote mpaka mto Kagera ni ya Uganda, kama kilomita za mraba 1,800 hivi. Kesho yake Mwalimu Nyerere akaongea redioni, ile hotuba ambayo kila Mtanzania anaijua, uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Baba Mkubwa aliisikilizia kwa jirani mwenye redio, uani, wamesimama watu kama thelathini. Mgambo wakaitwa nchi nzima. Wakafundishwa upya, wakapakiwa treni kwenda Mwanza. Kwenye kundi lake akakutana na kijana mmoja Mzaramo wa Kisarawe, na siku ya kwanza tu walivyojuana makabila ikawa matusi asubuhi mpaka usiku, yaani watani kweli kweli. Yule anamwambia nyie Wanyamwezi mnakula nyuki na masega yake, Baba Mkubwa anamjibu nyie mnalala chini ya minazi mnasubiri chakula kiwadondokee. Wakaapizana, vita ikiisha we utaniletea nazi nami nitakuletea asali, tuone nani atamtapisha mwenzake.

Brigedi yao ilikuwa ya 201, karibu wote mgambo. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979 walikuwa wanakaribia Lukaya, barabara ya kwenda Kampala ambayo pale inakatiza kwenye kinamasi, mafunjo huku na huku. Wakakutana na jeshi la Amin likiwa na askari wa Libya walioletwa na Gaddafi kumsaidia, yakaanza kuruka makombora ya katusha, yanapita juu yanalia, na vijana ambao miezi mitano nyuma walikuwa wanalima na kuziba pancha wakatawanyika kwenye kinamasi gizani. Baba Mkubwa alikimbia. Alikimbia na Mtani wake pembeni, anamsikia anavyohema. Afu mahali fulani hakumsikia tena, na hakusimama.

Usiku huo huo wakubwa wakapanga upya, brigedi ya 208 ikazungushwa ikatokee upande wa barabara ya Kampala, na alfajiri ya tarehe 11 wakapiga pande mbili. Na Baba Mkubwa alirudi, alipigana siku ile, mji ukachukuliwa. Alimkuta Mtani wake asubuhi. Mama Mkubwa anasema hapo ndo alipoishia kuhadithia, akageukia ukutani, akasema neno moja tu, nilikimbia nikamwacha, mimi sikimbii tena.

Mwezi mmoja baadaye, 11 Aprili, Kampala ikaanguka. Yeye akaendelea kutembea kwa miguu mpaka Lira huko kaskazini. Tarehe 3 Juni majeshi yetu yakafika mpaka wa Sudan ikawa mwisho. Akarudi Tabora, na huku nyumbani Mwalimu anawaambia watu wafunge mkanda miezi 18, sabuni hakuna, sukari hakuna, vijana wenzake wanakimbilia Dar, wengine Mererani baadaye, wengine nje kabisa. Yeye akaweka karai chini ya mwembe. Walimfuata mara ngapi kumuita, kazi zipo, na hakutoka. Kuna ofisi moja walimwambia jina lake halionekani kwenye karatasi za mgambo waliokwenda, akasema sawa, akarudi mwembeni, hakufuatilia tena.

Mimi nilikuwa nasema Baba Mkubwa hapendi kusafiri. Kumbe mtu ameapa hataondoka tena pale alipowekwa. Na mimi juzi tu nimepita Pugu na treni, Kisarawe iko pale juu ya kilima, nazi ziko mapajani kwangu na sijui nimebeba nini.

Nikamuuliza Mama, jina lake nani huyo Mtani? Akanitazama muda mrefu. Akasema sijui baba, yeye alimwita Mtani tu. Wamezikwa Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa kule Kagera, alikuwa anasema wenzetu wamelala Kaboya. Nazi alijiletea mwenyewe kila mwaka kupitia kwenu. Asali ndo haijawahi kwenda.

Jioni nikapiga simu kazini kuomba siku tano zaidi.

Siku ya tano, Tabora hadi Mwanza

Asali nimepewa na shemeji yake anayerina Sikonge, ya mizinga ya magome, nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea. Mama Mkubwa akaimimina kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, akaweka nailoni mdomoni kabla ya kufunga kizibo, akafunga na mpira wa tyubu. Ule mpira ni wa kwake mzee, alikata kwenye sanduku lake.

Nimeamua kupita njia yake, kwa hiyo treni ya zamani ya reli nyembamba. Stesheni ya Tabora ile ile. Bukene, Isaka, Shinyanga, Malampaka, Fela. Treni inasimama sana, wamama wanauza karanga na matobolwa dirishani. Yeye alipita hapa kwenye behewa la mizigo, na alikuwa na miaka 24, mimi ninayo 41. Basi, hayo tu ya leo, nimechoka.

Siku ya sita, Mwanza hadi Bukoba

Baba Mkubwa alikuwa anasema usiku mrefu kuliko wote wa safari ya kwenda ulikuwa wa kusubiri kivuko cha Busisi, malori yamejipanga, ziwa jeusi, hakuna aliyeruhusiwa kuwasha hata sigara. Leo tumepita juu ya daraja jipya la Kigongo–Busisi, lilifunguliwa Juni mwaka huu, kilomita tatu, na basi halikupunguza hata mwendo. Watu walitoa simu kupiga picha, na mimi nikataka kupiga, nikajikuta nimeshika chupa.

Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba. Kabla ya Bukoba nikaona kibao cha Kaboya kinapita dirishani. Nilitaka kushuka. Nikajizuia, nikasema kwanza Kyaka, maana mchezo unaanza Kyaka na ukiruka mji unarudishwa.

Siku ya saba, Kyaka na Mutukula

Haisi kutoka stendi ya Bukoba, kama kilomita 50 mpaka Kyaka. Migomba, migomba, migomba, afu ghafla inafunguka bonde na mto uko chini, mpana, rangi ya udongo, unaenda kwa kasi ambayo huioni mpaka utazame kitu kinachoelea. Nimesimama karibu na daraja. Lile la zamani Amin alililipua tarehe 3 Novemba 1978 ili jeshi letu lisivuke, na jeshi likaja kutandika madaraja yake ya chuma mwezi huo huo likavuka. Watu wa ng'ambo ile waliokutwa huko wengi waliuawa, ng'ombe wakachukuliwa, mabati yakang'olewa kwenye nyumba, mitambo ya kiwanda cha sukari ikaharibiwa.

Juu ya kilima kuna magofu ya kanisa lililopigwa mabomu, limeachwa hivyo hivyo liwe kumbukumbu. Kuta zimebaki, paa hakuna, nyasi ndani. Nilimkuta mzee mmoja wa pale amekaa kivulini, nikamwamkia, akanikaribisha na kahawa za kutafuna, ameziweka kwenye karatasi mfukoni. Nikamwambia nimetoka Tabora, Baba yangu Mkubwa alipita hapa na mgambo. Akaacha kutafuna. Akasema mgambo! Wale walikuja wengine hawana viatu vya kueleweka, sisi tumetoka kwenye migomba tumejificha siku nyingi hatujui kama kuna mtu anakuja, tukasikia Kiswahili. Akarudia, tukasikia Kiswahili, mamangu akakaa chini akalia. Alikuwa na miaka kumi na moja.

Nikamuuliza kama anakumbuka mtu yeyote kwa jina. Akasema baba, watu wanakimbilia kwenda mbele, nani atakupa jina.

Nikampa asali kidogo kwenye kizibo. Nilisita kidogo maana haikuwa yake, lakini nikasema hapana, huyu pia ni wa kwake. Alilamba akafumba macho, akasema hii ina moshi. Ndiyo, asali ya miombo ina moshi.

Mutukula nimefika saa nane mchana. Malori foleni, wabadilisha hela, wanafunzi wa Uganda na wa kwetu wanapishana na sare zao. Mji huu jeshi letu liliuchukua mwezi Januari 1979. Nilisimama pale getini nikayataja yaliyobaki mdomoni tu, Kyotera, Masaka, Lukaya, nikanyamaza pale anaponyamaza. Sikuvuka. Nilifikiria kuvuka mpaka Lukaya nikaone kile kinamasi, hela ingetosha, lakini nikaona si pa kwangu. Pale alirudi mwenyewe alfajiri ya tarehe 11 na alimaliza mwenyewe. Kilichobaki ni chupa hii.

Siku ya nane, Kaboya

Bodaboda amenishusha nje. Ni eneo la jeshi kwa hiyo nilieleza shida yangu, nikaandika jina, nikasubiri, nikaruhusiwa kuingia na kijana mmoja askari wa kunisindikiza. Sidhani kama amefika miaka 25. Aliniuliza unamtafuta nani, nimuangalie yuko mstari gani. Nikamwambia simjui jina. Mzaramo wa Kisarawe, alifia Lukaya. Akasema kaka, hapo itakuwa ngumu. Hakuniambia kwa ubaya.

Makaburi yamepangwa kwa mistari iliyonyooka, mengi, unasimama mwanzo wa mstari unaona wa mwisho mdogo kule. Pamefagiliwa, alama za fagio zipo kwenye udongo. Kimya, ndege tu. Nilitembea mstari wa kwanza mpaka mwisho nikarudi na wa pili nasoma. Sijui nilikuwa natafuta nini, labda jina la kipwani, na nilipolipata moja moyo ukaruka, afu likaja la pili, la tatu, nikaacha. Kila mmoja angeweza kuwa yeye. Nikasimama katikati, nikasoma Fatiha kwa wote, waislamu na wakristo, halafu nikasema kwa sauti, Mtani, asali yako hii. Imechelewa miaka 46. Mwenye nayo hakuweza kuileta, alisema hatoki tena alipo na hakutoka, mimi ni mwanawe. Nazi zako alizipokea.

Yule askari alikuwa amesimama nyuma yangu mbali kidogo, mikono imenyooka mapajani, kama Baba Mkubwa siku ile na tairi chini.

Kumwaga asali kaburini kwetu hatufanyi. Nikamuuliza nani anafagia hapa. Akasema tunapangiana zamu, wiki hii mimi na wenzangu watatu. Nikampa chupa. Akataka kukataa, nikamweleza, nikaanza na nyuki na minazi na kuapizana, nikaishia na kinamasi. Hakusema kitu. Akafungua ule mpira wa tyubu taratibu, akauviringisha akanirudishia mkononi, akaonja kwa kidole.

Akasema afande wangu ni Mzaramo. Nitampelekea. Nitamwambia mtani wako wa Tabora kasema utapike.

Nilicheka na machozi yakatoka pale pale, mbele ya mtoto wa watu.

Nje barabarani nikampigia Mama Mkubwa. Aliuliza pamefagiliwa? Nikasema pamefagiliwa Mama. Akauliza kuna miti? Nikasema ipo. Akauliza kuna kivuli cha mtu kukaa? Nikamwambia kipo, kizuri.

Akakaa kimya, nikasikia mtu kwake anauliza fundi yupo, na yeye akaondoa simu mdomoni akajibu, hayupo, acha baiskeli hapo mwembeni mwanangu anarudi. Afu akanirudia akasema haya baba, njoo sasa.